Vijana wa Ulaya Iliyo Wazi

Jumapili moja ya mwezi wa Machi, mwaka tisini na tisa, Pierre-Claver alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tano, akaketi kwenye kiti pekee chenye mgongo, akapangusa jasho, kisha akatangaza kwamba Ulaya imemchagua Huguette.

"Ulaya gani?" akauliza Athanase, baba yake Huguette, aliyekuwa akifua soksi kwenye beseni.

"Ulaya yote, Papa Huguette! Vijana ya chama kimoja kikubwa ya Belgique iko hapa Durban. Batu tisa. Banatafuta kijana moja wa Congo, mukimbizi, mwenye kusema Kifaransa muzuri. Mwezi wa tano aende Bruxelles, afanye discours, ni kusema hotuba, mbele ya congrès yabo, mukutano mukubwa ya chama. Njo mie nikabaambia: huyo kijana minamujua."

Pierre-Claver alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Vijana wa Congo wa Durban. Umoja huo ulikuwa na muhuri, barua zenye nembo na wanachama watatu, mmoja wao akiwa mke wake. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na moja, lakini ujana wa siasa hauhesabiwi kwa miaka ya kawaida, na alikuwa bado hajaona sababu ya kung'atuka.

Marie-Jeanne, mama yake Huguette, aliweka chini kitana alichokuwa akichania nywele za kuuza.

"Na visa?" akauliza.

"Visa inatolewa na chama."

Familia hiyo ya watu watatu, kutoka Bukavu, ilikuwa Durban kwa mwaka wa pili. Athanase, aliyefundisha historia miaka kumi na minane, alikuwa akilinda magari kwenye maegesho ya ufukweni, amevaa kizibao cha njano. Mkewe alisuka nywele. Huguette, mwenye miaka ishirini na cheti cha sekondari kilichokunjwa mara nne, aliuza dakika za simu kwenye kibanda cha Mtanzania mmoja aitwaye Kidawa. Na huko Liège, Ubelgiji, aliishi Colette, mdogo wake Marie-Jeanne, ambaye kwa miaka minane alikuwa akifagia ofisi za watu.

"Ni juma moja tu," alisema Pierre-Claver, akimtazama Marie-Jeanne usoni.

"Ndiyo, juma moja," akajibu Marie-Jeanne.

Wote wawili walijua kwamba hakuna aliyemaanisha juma moja.

Pazia lililogawa chumba likasogea, Huguette akachungulia. "Nitasema nini kule?"

"Utasema maisha yako," akasema Pierre-Claver. "Maisha yako njo batu banataka."

Athanase akakamua soksi, maji yakachuruzika besenini.

Vijana tisa walikuja Jumatano. Walikuwa Durban kwa siku kumi, katika ziara waliyoiita ya kujifunza, na hadi siku hiyo walikuwa wamejifunza mengi. Walikuwa wamepelekwa Chatsworth wakala biriani. Walikuwa wamepelekwa Mobeni wakapiga picha mbele ya lango la kiwanda, bila yeyote kati yao kuuliza kinatengeneza nini. Walikuwa wameungua pua. Jumuiya yao iliitwa Vijana wa Ulaya Iliyo Wazi, na jina hilo lilikuwa kwenye fulana zao, mgongoni, kwa rangi ya machungwa.

Mwenyekiti wao, Thibaut, alikuwa na miaka thelathini na tatu na upara ulioanza kumzunguka utosini. Baba yake alikuwa amekaa kwenye Seneti ya kwao kwa miaka ishirini. Thibaut alikuwa wa nne kwenye orodha ya wagombea wa Bunge la Ulaya, katika uchaguzi wa mwezi wa Juni. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda ambacho familia nzima ilikitumia kwa zamu, akaweka mikono magotini, na kwa Kifaransa cha upole akaeleza shida yake.

"Kwetu, hakuna anayewasikiliza vijana," alisema. "Tunabisha, tunabisha, milango haifunguki."

Marie-Jeanne akatikisa kichwa kwa huruma. Aliwapa Fanta, akiwa ameazima glasi kwa majirani. Msichana mmoja alisema tumbo lake haliko sawa, akaishika glasi yake dakika arobaini bila kuinywa, kisha akaiweka juu ya dirisha pale jua lilipopiga.

Mpiga picha wao alizunguka chumba. Chumba kilikuwa na hatua sita kwa nne, kwa hiyo alizunguka mara nyingi. Mwishowe akamnong'oneza Thibaut, na Thibaut akamgeukia Marie-Jeanne.

"Mama, samahani. Hiyo televisheni. Tunaweza kuisogeza?"

"Iko muzuri hiyo," akasema Marie-Jeanne, akidhani wanaogopa mlipuko. "Inawaka sana."

"Ndiyo, ni nzuri. Ila kwenye picha..." Thibaut akatafuta neno. "Kwenye picha inapoteza ujumbe."

Basi televisheni ikabebwa kwenda kwa jirani. Kikafuata kitambaa cha kutarizi, kisha saa ya ukutani. Kisha yule msichana wa tumbo akamwuliza Huguette, kwa adabu sana, kama hana blauzi nyingine, iliyo ya kawaida zaidi kidogo. Huguette alikuwa amevaa blauzi yake ya kanisani, ya samawati, aliyoipiga pasi mara mbili. Akaenda nyuma ya pazia, akavaa ile anayofanyia usafi. Aliporudi, wote tisa walisema ni kamili.

"Na wewe, Baba, unafanya kazi gani?" Thibaut akamwuliza Athanase.

"Mimi ni mwalimu wa historia."

"Vizuri sana! Wapi?"

"Parking."

Wawili wakacheka, wakaona wenzao hawacheki, wakakohoa.

"Niruhusu na mimi swali," akasema Athanase kwa Kifaransa chake cha darasani. "Chama chenu kinasema nini kuhusu watu wanaoingia kwenu? Wakimbizi, wageni?"

"Hilo ni swali la msingi," alisema Thibaut, "na nafurahi umeuliza. Lakini hilo liko chini ya kamati nyingine. Mimi niko Elimu na Matumaini."

Huguette aliandika hotuba yake siku tatu, kwenye kaunta ya kibanda cha simu, katikati ya wateja. Kidawa, mwenye kibanda, mwanamke wa Tanga aliyehesabu dakika za watu bila kutazama saa, alimwachia aandike.

"Unawaambia nini hao wazungu wako?" aliuliza.

"Ninawaambia tulivyotembea toka Bukavu mupaka Uvira. Ninawaambia pia hapa. Kwamba kwenye taxi nikisema Kizulu vibaya, batu banageuka. Na kwamba ninataka kusoma sheria, kokote, hata kwabo."

"Wakikupa hiyo nafasi, mwanangu, nenda. Ila usiache kazi yangu mpaka umeshika tiketi mkononi. Nimekwishawaona watu wa kuahidi."

Athanase alisahihisha kurasa hizo tatu kwa kalamu nyekundu, akibishana na bintiye juu ya kila kitenzi. Walikuwa hawajacheka pamoja hivyo tangu wafike Durban. Alipomaliza aliandika chini, kama alivyozoea kwa wanafunzi wake: kumi na saba juu ya ishirini. Hakuwa amewahi kutoa kumi na nane.

Hafla ya kuaga ilifanyika Ijumaa jioni kwenye mkahawa mmoja wa Morningside, wenye veranda na maua kwenye vyungu. Huguette angesoma hotuba yake pale kwanza, mbele ya wageni waalikwa, kama mazoezi ya Bruxelles. Athanase alivaa suti aliyotoka nayo Bukavu. Marie-Jeanne alivaa kitenge kipya na viatu vya jirani. Walishuka teksi kwenye robot, zile taa za barabarani, wakapanda mlima kwa miguu wote watatu.

Mlangoni, Pierre-Claver aliwachukua wanawake wawili akawaingiza ndani haraka, kwa sababu wageni walikuwa wamekwisha kukaa. Athanase alibaki nyuma akijifuta vumbi la viatu kwa leso. Wakati huo huo basi dogo la kukodi likasimama, na kijana mmoja wa wale tisa, ambaye Jumatano alikaa saa nzima kwenye kitanda cha Athanase, akashuka upande wa dereva. Akamtazama mtu mweusi aliyeinama kando ya magari. Akatoa sarafu, akaiweka kwenye kiganja chake.

"Five rand," alisema kwa Kiingereza, polepole, ili aeleweke. "Look after it, OK?"

Akaingia ndani.

Athanase alibaki na sarafu mkononi. Angeweza kumfuata, akamwita, akamrudishia mbele ya watu. Alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Kisha akaona jinsi itakavyokuwa: kijana atakavyoona haya, watu watakavyomfariji yule kijana, na Marie-Jeanne atakavyomtazama yeye kwa kuharibu jioni ya visa. Akarudi. Alisimama kando ya basi lile, ndani ya suti yake, saa moja na nusu, akalilinda.

Ndani, Thibaut alimpokea Huguette kwenye ujia wa vyooni.

"Nimesoma hotuba yako yote. Nimeguswa. Ila ni ndefu kidogo, na watu wetu hawapendi kurasa tatu. Tumeifupisha."

Akampa karatasi moja, iliyopigwa chapa. Huguette akaisoma amesimama. *Mimi ni Huguette, kijana wa Afrika. Siombi mlango wa Ulaya. Furaha yangu iko nyumbani kwetu, na ya kila Mwafrika iko kwao. Nisaidieni nibaki kwetu.* Ilikuwa na mistari kumi na miwili, na hakuna hata mmoja uliokuwa wake.

"Hii sikuandika mimi."

"Ni maana ile ile. Tumechukua kiini tu."

"Nilisema ninataka kusoma kwenu. Hapa imeandikwa sitaki."

Thibaut akamwekea mkono begani. "Huguette, visa inapitia kwa watu wa chama changu. Watu hao watasoma hotuba hii. Unanielewa? Nakusaidia."

Huguette akamtafuta baba yake kwa macho, hakumwona. Akamfuata mama yake mezani, akamsomea karatasi kwa sauti ya chini. Marie-Jeanne alisikiliza mpaka mwisho, amekaza macho kwenye kikapu cha mikate.

"Soma," akasema.

"Mama, ni bongo, ni uongo!"

"Ni bongo, nasikia. Soma tu. Ukifika kule utasema kweli yako miaka yote. Hapa njo unapita mulango."

Huguette akasimama mbele ya wageni arobaini, akasoma. Alisoma vizuri, sauti yake haikutetemeka. Watu walipiga makofi, bibi mmoja wa makamo akafuta machozi, mpiga picha akachutama chini na kumpiga picha kwa pembeni ili aonekane anatazama mbali. Pierre-Claver alipiga makofi kwa muda mrefu kuliko wote.

Njiani kurudi, Athanase aliuliza, "Ulisoma namna gani?"

"Nilisoma vizuri, Papa."

"Ile sehemu ya Uvira?"

"Baliipenda," akasema Huguette.

Aprili yote ilikuwa ya kungoja. Kwenye nguzo za taa za Durban yalijaa mabango ya uchaguzi wa Afrika Kusini, nyuso zikitabasamu juu ya nyuso, na Marie-Jeanne alipita chini yake akitafuta koti. Aliuza televisheni, akanunua koti la sufu na sanduku lenye magurudumu. Athanase alitaka kuuliza kwa nini mtu wa juma moja anahitaji sanduku kubwa hivyo, akaacha. Pierre-Claver alikuja kila Jumapili kusema mambo yanakwenda, akala, akaondoka.

Tarehe sita Mei ilikuja faksi kwenye kibanda cha Kidawa. Thibaut aliandika kwamba ratiba ya congrès imebanwa, na uongozi umeamua, kwa masikitiko, kupunguza wageni wa nje. Lakini hotuba ya Huguette ingesomwa. Msichana wa Namur, mwanachama mwenye kipaji, alikuwa amejitolea kuisoma kwa niaba yake, na alikuwa ameihisi sana. Huguette alipewa uanachama wa heshima. Fulana ilikuwa njiani kwa posta.

Kidawa alichungulia juu ya bega lake. Hakujua Kifaransa, lakini alijua mgongo wa mtu.

"Kaa chini," alisema. "Kaunta nitashika mimi."

Nyumbani, Marie-Jeanne aliisikiliza faksi mara mbili, kisha akauliza swali moja: kama kwenye faksi kuna tarehe nyingine. Hakukuwa na tarehe nyingine. Akaliondoa koti kwenye msumari, akalikunja, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

Wiki ya kwanza ya Juni simu ilipigwa kibandani kutoka Liège. Colette hakusalimia.

"Huguette, ni weye kweli kwenye karatasi?"

"Karatasi gani, Tantine?"

"Karatasi ya chama! Wameitia kwenye kila boîte ya barua ya jengo letu. Sura yako, kubwa! Na juu yake, kwa herufi nyekundu: *Nisaidieni nibaki kwetu.* Chini yake: *Kila mtu kwao. Piga kura.* Unanisikia? Madame wa ghorofa ya pili amenionyesha leo asubuhi. Ananiambia: ona, hata watoto wenu wanasema. Dossier yangu ya kibali cha kukaa iko mezani kwa batu, mwaka wa nane! Na mutoto wa ndugu yangu njo ananiambia nirudi?"

"Tantine, si mimi niliandika."

"Sauti iko yako? Balisema kwenye radio kwamba uliisoma weye, Durban, mbele ya batu."

Huguette akafunga macho. "Niliisoma," akasema.

Colette akakata simu.

Jioni hiyo ndipo Athanase alipopata kujua hotuba yote. Huguette aliisema kwa kichwa, mistari kumi na miwili, kwa sababu ilikuwa imekataa kumtoka. Marie-Jeanne alikaa kitandani amewapa mgongo.

"Ni mie nilimwambia asome," alisema ukutani. "Kama iko mutu wa kugombeza, mie niko hapa."

Lakini Athanase hakugomba. Alichukua daftari na kalamu, akaviweka mbele ya bintiye.

"Tutaandika kwa gazeti. Colette atupe adresse ya gazeti moja ya kule Liège."

Huguette akaandika haraka, kwa hasira, kwamba walimghushia maneno na kutumia picha yake bila idhini. Athanase akasoma, akasimamisha kalamu.

"Haukuandika kwamba ulisoma."

"Kwa nini niandike hiyo?"

"Juu ya kuwa ulisoma."

"Papa, balinidanganya!"

"Ndiyo. Na ulisoma." Akavuta kiti karibu. "Sikiliza. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kule kwetu vijana yote ilikuwa ya chama, ukizaliwa uko mwanachama. Mie nilikuwa mwenye kuimbisha. Mugeni wa Ulaya akikuja, tunasimama barabarani na majani mukononi tangu asubuhi, yeye anapita ndani ya gari, kioo imefungwa. Na nilikuwa na daftari. Niliandika majina ya benye hawakuimba. Baliniambia andika, nikaandika. Moja alifukuzwa masomo. Alikaa nyuma yangu darasani."

Marie-Jeanne alikuwa amegeuka. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, hakuwa amewahi kulisikia jambo hilo.

"Kisha nikafundisha historia miaka kumi na minane," alisema Athanase, "na kila mara nikifika pale ninasema: walitulazimisha. Hakuna hata siku moja niliyosema: mie niliandika. Andika, mutoto."

Barua ilimalizika ikiwa fupi:

*Bwana Mhariri, mimi ndiye msichana wa kwenye karatasi mliyotiliwa nyumbani. Naishi Durban, ambako pia si kwetu. Maneno yale sikuyaandika. Nilipewa na kijana wa miaka thelathini na tatu. Niliyasoma kwa sauti, kwa sababu aliniahidi visa. Niliyoyaandika mimi yalisema kwamba nataka kusoma sheria, hata kwenu. Nawaomba radhi ndugu zangu wanaoishi mjini mwenu.*

Athanase hakuweka maksi. Colette alipotoa namba ya gazeti, Kidawa aliituma kwa faksi asubuhi, na nakala kwa Colette, akakataa kumtoza Huguette.

Uchaguzi ulifanyika Jumapili, tarehe kumi na tatu. Thibaut alishinda. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa mbunge, na kwa kanuni za chama alikuwa bado na miaka miwili ya kuwa kijana, hivyo akabaki na vyeo vyote viwili.

Barua ya Huguette ilitoka Jumatano iliyofuata, siku tatu baada ya kura, chini ya barua ya mzee aliyelalamikia mbwa kwenye bustani. Pierre-Claver alipata habari kabla yao. Alikuja akihema.

"Mumeniharibia contacts!" alipaaza sauti. "Kulikuwa vijana ya chama kingine, ya mrengo wa kushoto, banakuja mwezi wa tisa. Nilikuwa nimeisha kubaambia juu ya Huguette. Sasa nitabaambia nini?"

Akakielekea kiti chenye mgongo. Marie-Jeanne akafika kwanza, akakikalia.

"Semea mulangoni," alisema. "Ukimaliza, funga."

Alhamisi Colette alipiga simu tena kibandani. Foleni ilikuwa ndefu, Kidawa akawaambia wateja wangoje.

"Nimeisoma," alisema Colette. Sauti yake ilikuwa imechoka. Alikuwa ametoka kazini. "Lakini bamekata, Huguette."

"Bamekata nini?"

"Hapa inasema: *Niliyasoma kwa sauti.* Nukta. Ile faksi uliyonitumia mie ilikuwa na visa. Kwenye gazeti visa haiko."

Huguette akaegemea kaunta. Kwa hiyo hata wale wa gazeti walimfupisha. Walimwachia kosa lake, wakaondoa la Thibaut. Nyuma yake mteja mmoja akagonga sarafu mezani kwa kukosa subira.

"Uko pale?" akauliza Colette.

"Niko."

"Basi sikia. Nimekata barua kwenye gazeti, nimeibandika mulango ya jengo letu, pale kila mutu anapitia. Na ile mustari yenye baliondoa, nimeiandika pembeni, kwa kalamu ya bic."

"Inasomeka, Tantine?"

"Weye! Herufi kubwa sawa na kidole hivi. Madame wa ghorofa ya pili alisimama, akavaa miwani. Mie nilisimama nyuma yake, na ufagio wangu, nikamungojea amalize."